Bloki ya Subaru STI Ikipasuka: Uichomee, Ununue Injini ya Japani au Ujenge Upya?

Siku konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ilipotoboa bloki ya gari langu nilikuwa napanda mlima kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru. Ulisikika mlio mmoja mzito, kisha oili ikamwagika barabarani na moshi ukajaa chini ya boneti. Fundi aliyekuja na gari la kuvuta aliinama, akamulika kwa simu, akasema, "Bloki imekwisha, kaka. Tafuta injini." Nikatafuta, nikalipa, tukafunga. Miezi minne baadaye injini hiyo nayo ikaanza kugonga, na safari hii kosa lilikuwa letu wenyewe: tulirudisha oili kula (kifaa cha kupoza oili) ya zamani, imejaa chembe za chuma kutoka kwenye injini iliyokufa, tukaiunganisha na injini iliyokuwa nzima. Leo gari linatembea kwa njia ya tatu, ya kujenga upya. Naandika haya ili aliyekwama pale nilipokwama mimi aziweke njia zote kwenye mizani kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza.

Gari lenyewe ni Impreza WRX STI ya Japani, bodi ya GDB, injini ya EJ207 ya lita 2. Nitazungumzia familia hii ya EJ kwa sababu ndiyo iliyotuingia moyoni tangu miaka ile Patrick Njiru alipokuwa akiendesha Impreza kwenye Safari Rally. EJ ilianza na Legacy mwaka 1989. Japani iliiaga EJ20, ile ya lita 2, kwa magari 555 ya STI ya toleo la mwisho, na Marekani STI ya lita 2.5 ikafika tamati na modeli ya 2021. Kwa miaka yote hiyo umbo halikubadilika: silinda 4 zimelala, mbili kila upande, na bloki ni vipande viwili vya alumini vinavyoikumbatia krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, katikati. Shika hilo la vipande viwili, maana ndilo linaloamua mengi huko mbele.

Je, ni bloki kweli?

Tundu kama langu halina mjadala, unaona mkono wa konrodi kwa macho. Lakini wengi wanaoambiwa bloki imepasuka hawana tundu. Wana injini inayochemsha, maji yanayopungua bila kuvuja nje, mapovu kwenye tanki la maji, oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Dalili hizo zote hutolewa pia na gasketi ya hedi (kichwa kinachofunika silinda) iliyoungua au hedi iliyopinda, na kwenye EJ za lita 2.5 gasketi ni ugonjwa wa kawaida kabisa. Kununua injini nzima kwa sababu ya gasketi ni hasara inayouma kuliko ufa wenyewe.

Kwa hiyo injini ifunguliwe, bloki ipelekwe kwa mafundi mashine. Wazibe njia za maji kwa mabamba, wasukume hewa ndani, kisha waizamishe kwenye maji ya moto. Sisitiza yawe ya moto. Ufa mwembamba hujifungua chuma kinapotanuka, na bloki baridi inaweza kufaulu mtihani kisha ikavuja ukifika Naivasha. Kipimo cha pili ni rangi nyekundu ya kupenya: inapakwa, inafutwa, inapuliziwa unga mweupe, na ufa unajichora wenyewe kama mstari wa kalamu. Akitokea mtu wa kutaka kutumia sumaku na unga wa chuma, huyo amezoea bloki za chuma. Alumini haishikwi na sumaku.

Ukishajua ufa upo, uliza uko wapi. Ufa kwenye ukuta wa nje wa njia ya maji ni jambo moja. Ufa kwenye uso wa juu ambako hedi inakaa, kwenye matundu ya bolti za hedi, au ndani ya silinda ni jambo jingine. Na ufa kwenye makao ya beringi za krenki ni msiba, hapo usipoteze muda.

Halafu uliza kwa nini imepasuka. STI ya Japani ilitengenezewa petroli bora ya kule, yenye oktani karibu 100. Ya kwetu iko chini ya hapo, na gari likija na programu ya Japani kwenye kompyuta yake bila kurekebishwa, au mtu akiongeza presha ya turbo kwa kubahatisha, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Mlipuko huo unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na kwenye lita 2.5 mara nyingi silinda namba 4 ndiyo inayotangulia. Joto nalo lina mchango wake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na si 100. Kifuniko cha rejeta kilichochoka, kisichoshika presha, kinaweza kuua injini huko wakati gari kama hilo lingevumilia Mombasa. Ongeza maji ya bomba badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini), na baada ya miaka michache njia za maji zinaliwa na kutu na kuziba chumvi.

Kuchomea

Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoshawishi zaidi mfuko ukiwa mtupu. Inawezekana kwa sharti moja: ufa uwe kwenye ukuta wa nje wa maji au kwenye pembe isiyobeba nguvu, mbali na silinda na mbali na krenki. Fundi mzuri wa kuchomea kwa gesi ya agoni ataisafisha bloki hadi oili iliyozama kwenye vitundu vya alumini itoke, atatoboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usitembee, ataipasha joto yote kabla ya kuchomea, kisha ataiacha ipoe polepole. Akianza kuchomea bloki yenye mafuta, ikiwa baridi, kwa kuwa wewe una haraka, ichukue uondoke nayo.

Ugumu ni kwamba alumini iliyoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu huwa na vitundu vya hewa ndani, na sehemu iliyopigwa moto hupoteza sehemu ya ugumu wake. Pia bloki hupinda. Kwenye injini ya EJ kupinda kidogo tu kunahamisha mstari wa makao matano ya krenki, na krenki ikibanwa haitazunguka vizuri tena. Kwa hiyo baada ya kuchomea lazima vipande viwili vifungwe pamoja, mstari wa krenki upimwe na ikibidi uchongwe, na uso wa juu upitishwe mashine. Jumlisha kazi hizo zote na utaona ile bei ndogo imepanda.

Kuna pia kushona ufa kwa skrubu maalumu zinazopishana. Nimeiona ikifanya kazi nzuri kwenye bloki za chuma, za malori na za jenereta. Ukiwa na gari lenye bloki ya chuma kama injini ya 4G63 ya Lancer Evolution hadi ile ya tisa, au 2JZ ya Toyota, kushona kunastahili kuzungumzwa. Kwa alumini ya EJ yenye turbo sishauri. Na ufa ulioingia ndani ya silinda usichomewe kabisa, hata akiahidi nani.

Injini kamili ya Japani

Hapa ndipo wengi wetu tunaishia, na haina ubaya. Injini zinapatikana Kirinyaga Road na Grogan hapa Nairobi, Gerezani na Ilala kule Dar, Kisekka kwa ndugu zetu wa Kampala, na wenye mkono mrefu huagiza kutoka Sharjah, ambako maghala ya vipuri vilivyotumika yamejaa mtaa kwa mtaa. Unapata hedi, turbo, manifoldi, waya, wakati mwingine na giaboksi na kompyuta. Gari linarudi barabarani baada ya siku chache. Njia nyingine haziwezi kushindana na hilo.

Lakini unanunua kitu ambacho historia yake huijui. Injini inaweza kuwa ilitolewa kwenye gari lililogongwa nyuma, mzima wa afya, au ilitolewa kwa sababu ilikuwa inagonga. Zote mbili zikishapigwa maji ya presha na kupuliziwa rangi ya fedha zinafanana.

Mimi ningefanya hivi, na sifanyi vinginevyo tena. Kwanza izungushwe kwa mkono, spana kwenye puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, usikie kama kuna mahali inakwama. Sukuma puli mbele na nyuma: ikicheza kiasi cha kuonekana kwa jicho, beringi ya kuzuia krenki isisogee imekwisha. Pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, kwa silinda zote 4. Usitafute namba kubwa, tafuta namba zinazofanana. Tatu zikiwa sawa na moja imeshuka sana, kuna ukingo wa pistoni umevunjika au vali haikai. Kisha omba kufungua sampo, karai la oili chini ya injini. Muuzaji akikataa, agana naye kwa heshima. Ndani ya sampo utaona ukweli wote: oili yenye kung'aa kama rangi ya kucha ni beringi zinazoliwa. Ukiwa hapo, tazama bomba linalonyonya oili, kwa sababu kwenye EJ bomba hilo hupasuka kwenye maungio yake, linavuta hewa, na beringi zinakosa oili bila taa kuwaka mapema. Badilisha hata kama linaonekana zima.

Jambo la pili ni ulinganifu, na hapa watu hulia sana. EJ20 si moja. EJ205 ya WRX ya kawaida ina bloki iliyo wazi juu, yaani silinda zimesimama peke yake ndani ya maji bila kushikwa kichwani. EJ207 ya STI imeshikwa nusu. EJ20X na EJ20Y za Legacy GT zina uwiano wa kompresheni wa 9.5 kwa 1, juu ya ule wa STI ulio karibu 8, na kilango chake cha hewa kinaongozwa kwa umeme na si kwa waya wa mguu. EJ207 za baadaye za Japani zina turbo ya njia mbili inayodai manifoldi yake yenyewe ya moshi. Ukinunua "injini ya Subaru turbo, lita mbili" kwa jina hilo tu, unaweza kurudi nyumbani na injini nzuri isiyosikilizana na waya za gari lako. Soma namba iliyochongwa kwenye bloki karibu na giaboksi, na upige picha.

Namba hiyo ina kazi nyingine. Kadi ya gari lako ina namba ya injini ya zamani. Kenya mabadiliko yanapelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, Tanzania kadi inashughulikiwa TRA, mamlaka ya mapato, na kampuni yako ya bima iambiwe. Dai risiti na nyaraka za forodha siku ya kununua, si siku ya kuuza gari.

Na usikubali kuuziwa nusu ya bloki. Kuna wanaokuambia upande wako wa kushoto ndio umepasuka, chukua wa kushoto tu. Vipande viwili vya EJ vilichongwa pamoja kiwandani vikiwa vimefungwa, mstari wa krenki ukipita katikati yao. Ukioanisha cha huku na cha kule, makao ya krenki hayalingani. Vivyo hivyo krenki yenyewe: kwenye EJ za mwanzo beringi ya kuzuia isisogee iko makao namba 3, za baadaye iko namba 5.

Shoti bloki, mpya au ya kujengwa

Shoti bloki ni bloki ikiwa na krenki, konrodi na pistoni ndani, bila hedi wala sampo. Mpya kutoka kiwandani ni safi, haijawahi kuchemsha, vipimo vyake ni vya kiwanda. Unahamishia hedi zako, pampu ya oili, sampo na vinginevyo. Kwa gari linaloendeshwa kila siku kwa nguvu zake za asili, mimi naiona kama njia yenye usingizi mwororo kuliko zote. Gharama inapita injini ya mtumba, na ukiagiza utasubiri meli.

Onyo moja: shoti bloki ya kiwandani ya lita 2.5 inakuja na pistoni zilezile zilizotengenezwa kwa kumwagwa, ambazo kingo zake huvunjika injini ikilipua mafuta vibaya. Kama uliua injini kwa presha ya turbo na bado unaitaka presha ileile, hujanunua suluhisho. Hapo unahitaji bloki ya kujengwa: pistoni za kufuliwa (za kugandamizwa kwa nguvu, si kumwagwa), konrodi imara zaidi, beringi zilizopimwa moja moja. Pistoni za kufuliwa hutanuka zaidi, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa kwenye silinda na asubuhi utazisikia zikigonga-gonga hadi injini ipate joto. Usishtuke, ilimradi mlio unaisha.

Ujenzi ni mzuri kwa kadiri ya mafundi mashine tu. Silinda ya EJ inahoniwa (inasuguliwa ndani kwa vipimo) ikiwa imefungwa bamba zito juu yake kwa nguvu ya bolti zilezile za hedi, kwa sababu bolti zikikazwa silinda hubadilika umbo. Ikihoniwa bila bamba itakuwa duara mezani na yai ndani ya gari, na oili itaungua. Uliza kama wana bamba la EJ kabla ya kuwaachia bloki. Ukubwa nao una mpaka: silinda ya lita 2.5 ina kipenyo cha milimita 99.5, na kwa kawaida huishia 100. Ya lita 2 inaanza 92. Kuta za chuma ndani ya alumini ni nyembamba, haziruhusu kuboa (kuongeza upana wa silinda) kila mara kama injini ya pikapu.

Kuna hatua ya juu zaidi, bloki iliyofungwa juu kabisa au kuwekewa slivu ngumu (kuta mpya za silinda) kwa mashine ya kompyuta. Hiyo ni ya magari ya mashindano na nguvu mara mbili ya asili. Kazi yenyewe huwa tunaiagiza nje, na ikifanywa vibaya slivu hushuka na gasketi inaungua. Kwa gari la barabarani naona ni fedha iliyokaa mahali pasipo pake.

Kuhusu kutoka lita 2 kwenda 2.5 wakati wa kujenga: inavutia, torki (nguvu ya kuvuta) inakuja mapema na gari linakuwa rahisi mjini. Lita 2, yenye mwendo wa pistoni wa milimita 75 dhidi ya 79, inapenda kupanda mizunguko na huvumilia zaidi. Kuweka hedi za 2.0 juu ya bloki ya 2.5 kunabadilisha kompresheni, na hesabu hiyo ifanywe na tyuna, fundi wa kurekebisha programu ya injini, kabla ya kununua pistoni. Mimi nilibaki na lita 2.

Wapo wanaosema ng'oa EJ yote, weka 2JZ. Kwenye Subaru hilo linagusa giaboksi, mfumo wa magurudumu manne, mlingano wa gari, kila kitu. Kama unaitaka 2JZ, nunua gari lililozaliwa nayo.

Fedha ambayo haikwepeki

Linganisha bei za njia hizi ukiwa umeshatenga fungu hili pembeni, kwa sababu ni lilelile kwa njia zote. Oili kula mpya: ya zamani haisafishiki, vijia vyake vinashika chembe za chuma na kuziachilia siku usiyoijua. Mabomba ya oili ya turbo, na vichujio vidogo vilivyo ndani ya bolti zake. Turbo yenyewe ikaguliwe. Intakula, kipoza hewa ya turbo, ioshwe. Mkanda wa taiming, puli zake na pampu ya maji viwe vipya hata kama muuzaji anaapa, maana mkanda huo ni wa kilomita 100,000 na ukikatika vali zinakutana na pistoni. Hedi zipimwe presha na kunyooshwa. Kifuniko cha rejeta, kulanti halisi. Na mwisho tyuna akae na gari, kwa petroli unayonunua wewe, kwenye mwinuko unaoishi wewe.

Kwa hiyo, kama ufa wako uko nje ya njia ya maji na gari ni la kwenda kazini, chomea kwa fundi anayepasha joto na kupima krenki. Kama kipato ni cha kawaida, gari linahitajika upesi na huna mpango wa kuongeza nguvu, chukua injini ya Japani, lakini ifunguliwe sampo na lile fungu la pembeni lisipunguzwe. Mwenye subira na nia ya kukaa na gari miaka kumi, shoti bloki mpya. Mwenye kutaka nguvu, ajenge, au asiongeze presha kabisa. Na fedha ikitosha injini tu bila oili kula na bila tyuna, mimi ningeliacha gari kwenye matofali hadi ikamilike. Najua jinsi inavyouma kulitazama limefunikwa turubai kila asubuhi.

Siku ya kuwasha injini tuliyoijenga upya tulitoa plagi zote, tukachomoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukazungusha kwa stata sekunde kumi, tukapumzika, tukarudia, hadi taa ya oili ikazima na turbo ikapata oili. Ndipo tukarudisha plagi. Ilishika mara ya kwanza. Baada ya dakika ishirini tulimwaga oili ile, fundi akaikata filta kwa msumeno na kukunjua karatasi yake juani. Kulikuwa na unga mwembamba wa kung'aa, ule wa ringi mpya zinazokaa. Tukaikata nyingine kwenye kilomita 100, nyingine kwenye 800. Ile ya tatu ilikuwa safi, nyeusi ya oili tu. Jioni hiyo nikashuka Mai Mahiu, nikageuza, nikapanda.